Upande wa Pili wa Daftari

Tasnifu yangu ya shahada ya pili ipo kabatini, hapa nyumbani Pasiansi, rafu ya chini kabisa, imelaliwa na vitabu vya nyimbo za kanisani na albamu ya harusi. Jalada lake ni bluu iliyokolea na jina langu limepigwa chapa ya dhahabu. Wageni wakiliona hilo jina husema kumbe mama umesoma hivyo, nami hujifanya nimeitwa jikoni. Mtu akitaka kuifungua humpa albamu, na kwa kawaida huridhika, kwa sababu picha za harusi zina watu waliovaa suruali za kuchekesha.

Ndani ya kitabu hicho kuna ukurasa mmoja ambao ningeuchana kama kuuchana kungesaidia kitu. Una jedwali dogo lenye safu nne. Aliyeumizwa na jedwali hilo alikuwa karani wa mzani wa kijijini kwetu, na mtu huyo alinitendea wema tangu nikiwa na miaka tisa.

Baba alifariki nikiwa darasa la tatu. Kijiji chetu kipo ng'ambo ya ghuba, upande wa Sengerema. Ukivuka kwa kivuko kutoka Mwanza bado unatafuta gari la mizigo, kisha unatembea. Tulilima pamba kama kila mtu. Msimu wa kuuza ulipofika mama aliifunga pamba yetu katika shuka kuukuu, tukajitwika yeye na mimi, tukaenda kupanga foleni kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika. Mlangoni pa ghala ulining'inia mzani wenye uso wa duara na mshale mwekundu, na pembeni yake alisimama karani, mrefu, mwembamba, penseli sikioni. Alisoma uzito kwa sauti ya mtu anayesoma somo kanisani, ili hata aliye mwisho wa foleni asikie.

Alipofika kwa mama alifanya kitu ambacho niliking'amua mapema, maana njaa humfundisha mtoto kutazama mizani. Mshale ukisimama katikati ya alama mbili za kilo, alisoma ile ya juu. Uzito wa shuka, ambao kwa wengine ulitolewa, kwetu hakuutoa. Ndivyo alivyowafanyia wajane wote. Watu waliiita kilo ya msiba, na foleni nzima ilisikia, na hakuna aliyenung'unika. Mimi niliamini kilo ile inatoka kwa chama, kwamba huko mjini kuna wakubwa wenye huruma walioamua wajane waongezewe. Sare yangu ya shule ilitoka humo, na daftari zangu, na nauli ya kwenda sekondari. Sikuwahi kumuuliza mtu yeyote kilo ile inatoka wapi.

Miaka ya tisini ilipoanza nilikuwa mhasibu msaidizi katika ofisi ya chama kikuu kilichonunua pamba kutoka vyama vya msingi kama kile chetu. Ofisi ilikuwa Nyamagana, ghorofa ya pili, juu ya duka la mabati. Nilikuwa mwanamke peke yangu katika idara ya fedha. Kwenye vikao, karatasi zilipokwisha kugawanywa, macho yote yaligeukia kwangu na kisha kwenye birika. Nilimimina chai kwa miaka mitano, na naomba nisieleweke vibaya, chai yangu ilikuwa nzuri. Lakini nilichoka kutoka na sinia wakati maneno yanaanza kuwa matamu.

Wakati huo biashara ilifunguliwa. Wanunuzi binafsi waliingia vijijini na pikapu zao, mizani yao na fedha taslimu, na wakulima waliozoea kungoja malipo yao hadi mvua za msimu unaofuata waliwapokea vizuri, nani angewalaumu. Pale ofisini kila mtu alianza kusema ufanisi. Mkuu wetu wa fedha alilitaja neno hilo hata alipoagiza kalamu. Wenzetu waliorudi na shahada ya pili kutoka Dar es Salaam walisikilizwa hata wakikohoa, na mimi nikajiapiza kwamba nitaipata hiyo shahada hata kama nitauza nguo. Niliomba, nikapata nafasi, ofisi ikanipa ruhusa ya masomo, nikapanda treni na sanduku moja na kiburi cha kujaza masanduku matatu.

Sitasema mengi juu ya Dar. Joto lilinitesa, hisabati ya fedha ilinitesa zaidi, na niliipenda. Nilipenda namna fomula ilivyoweza kuchukua ghala zima na watu wake ikaliacha na namba mbili tu. Mwaka wa pili nilianza utafiti wangu juu ya upotevu wa uzito kati ya vituo vya kununulia na kinu cha kuchambulia pamba. Msimamizi wangu alisoma rasimu ya kwanza akairudisha kwa ncha za vidole. Alisema imeandikwa vizuri, ila haijasema jambo lolote, na akaniuliza nimegundua nini ambacho mwingine hakijui. Nilitoka ofisini kwake nikiwa na machozi ya hasira. Nilikuwa nimefika mahali pa kusubiria basi la chuo nilipoikumbuka kilo ya msiba, na nakiri kwamba nilitabasamu.

Nilirudi Mwanza nikiwa na siku kumi tu za utafiti. Siku ya sita nilivuka kwenda kijijini, nikamkuta karani mlangoni pa ghala lile lile, mvi zimeanza, penseli bado sikioni. Nilimwamkia, akaitika marahaba kwa furaha ambayo sikuistahili, akanipa kiti chake. Alikuwa akiniita mayu, kama wazee wa kwetu wanavyomwita binti wanayemheshimu. Nilimwambia nasomea masters ya fedha na nahitaji kuona namna anavyopima. Hakuuliza ni ya nini. Aliingia ndani akatoka na daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, akanifungulia mwenyewe. Humo kulikuwa na majina ya wajane, na mbele ya kila jina mahali mshale uliposimama hasa, kisha uzito aliousoma, yote kwa penseli.

Nilikuwa nimepata kitu ambacho mwingine hakijui, tena kimeandikwa kwa mkono wa aliyekifanya. Nilimwuliza kama naruhusiwa kunakili.

"Andika yote, mayu," alisema. "Sina cha kuficha."

Nilinakili kwa saa mbili na zaidi. Jina la mama lilikuwamo katika kurasa za kwanza, misimu mingi mfululizo, kisha likakoma, nikadhani kuna daftari jingine. Nilipofika ukurasa ulioachwa mtupu nilifunga kalamu. Yeye alilichukua daftari akaligeuza juu chini, kama wanafunzi wanavyofanya wanapoanza somo jingine kutokea nyuma, akaniuliza kama sitaki kuona na upande wa pili. Nilitazama saa. Gari la mizigo lilikuwa linapiga honi barabarani, na nikilikosa nisingewahi kivuko cha mwisho. Nilimwambia inatosha, baba. Akasema haya, na akanisindikiza mpaka garini akiwa ameshika daftari lake kifuani.

Hapo ndipo ninapojichukia, na sitaki kusingizia kivuko. Ningeweza kulala kwa mama. Ningeweza kurudi kesho yake. Nilikuwa na jibu nililolitaka, na mtu mwenye jibu analolitaka hageuzi karatasi.

Katika tasnifu sikuandika jina la kijiji. Utaratibu ulikuwa kuviita vituo kwa herufi, chetu nikakiita Kituo C. Chini ya jedwali niliandika kwamba karani wa Kituo C huongeza uzito kwa kundi fulani la wauzaji kwa hisia binafsi, na kwamba huo ni udhaifu mkubwa wa udhibiti. Kundi fulani la wauzaji. Nilimwandika mama hivyo, kwa Kiingereza kizuri, na msimamizi wangu akaandika pembeni kwamba sehemu hii ni bora kuliko zote.

Mama alikuja kwenye sherehe ya kunipongeza, hapa Pasiansi, amevaa kitenge kipya ambacho kilikuwa bado kinanuka duka. Aliomba kukishika kitabu. Hakujua Kiingereza, lakini alikifungua ukurasa mmoja baada ya mwingine, kidole kikitembea juu ya mistari, akitafuta jina la kijiji chetu. Hakuliona, akaniuliza kama sisi tumo. Nilimwambia mmo, mama, ila mmewekwa kwa herufi. Aliridhika kabisa. Aliwaambia wageni kwamba kijiji chetu kimeandikwa chuo kikuu.

Niliporudi kazini sikumimina tena chai. Haukupita muda, ofisi ikaitisha kikao cha kuamua vituo gani vifungwe, kwa sababu wanunuzi binafsi walikuwa wametubana na hatukuwa na uwezo wa kuvibeba vyote. Mkuu wa fedha alikuja na nakala ya tasnifu yangu, ameibandika vikaratasi vya njano. Alisoma aya yangu mbele ya watu wazima kumi na wawili. Halafu akavua miwani akanigeukia.

"Kituo C ni kile cha kwenu, au nakosea? Una uhakika na takwimu hizi?"

Herufi yangu haikumficha mtu. Ofisi nzima ilijua ninakotoka. Kila mtu alikuwa ananitazama mimi, si birika. Ningeweza kusema kwamba nililelewa na kilo hiyo. Ningeweza kusema nipeni wiki moja nikaangalie tena. Watu wangesema ndiyo hao wanawake, huruma mbele.

"Ninao," nilisema.

Kituo kilifungwa kabla ya msimu kuanza. Karani alipewa barua iliyotaja upotevu wa uzito, na upotevu, ukiandikwa kwenye barua ya kumwachisha mtu kazi, kijijini husomwa kuwa wizi. Nilisikia baadaye kwamba waliokwenda kukabidhiwa ghala aliwaonyesha daftari lake, pande zote mbili, wakamwambia maandishi ya penseli si ushahidi. Yangu yalikuwa yamepigwa kwa kompyuta.

Nilikutana naye mara moja tu baada ya hapo, karibu na soko kuu. Alikuwa amekuja kununua mbegu za nyanya. Nilitamani kuingia duka lolote lililokuwa karibu, lakini alikuwa ameshaniona, akasimama, akahamisha kifurushi kwenda mkono wa kushoto ili anipe wa kulia. Nilimwamkia shikamoo, akaitika. Aliniuliza kama nilifaulu ile masters. Nilimwambia nilifaulu.

"Basi ile kazi yetu haikupotea," alisema.

Mpaka leo sijui kama alijua. Nimeyageuza maneno yale kila upande, nikatafuta dhihaka ndani yake, na ningefurahi kuikuta. Sikuikuta. Aliniambia nimsalimie mume wangu, akaniambia nimepungua, akaenda zake. Nami nilibaki pale mpaka muuza vitunguu aliponiuliza kama nanunua.

Ukweli wote niliupata mwaka uliofuata, nilipokwenda kumwona mama wakati wa mavuno. Tulikuwa tumekaa uani tunachambua pamba, nyeupe tunaiweka upande wa safi, yenye madoa upande wa fifi. Karani alikuwa amefariki majuma machache kabla, kwa homa, nami nilikuwa Dodoma kikazi nikakosa mazishi. Mama alisikitika kwamba hakuna tena mtu wa kusoma mzani. Alisema mnunuzi wa sasa hamjui mjane wala asiye mjane. Kisha akasema, kama mtu anayeongelea mvua, kwamba yeye mwenyewe hakuwa akiipokea kilo ya msiba tangu nilipopata kazi mjini. Alimwendea karani akamwomba amtoe kwenye majina ya wajane.

"Akutoe akupeleke wapi?" nilimwuliza.

"Upande wa pili," alisema mama. "Kwa wanaokatwa."

Sikumwelewa, na ikambidi anieleze kama anavyomweleza mtoto. Kilo ile haikutoka kwa chama hata siku moja. Zamani, kabla sijazaliwa, wakulima walikaa wakakubaliana: mwenye nguvu nyumbani, mshale wake ukisimama katikati, utasomwa chini, mjane atasomwa juu na shuka lake halitatolewa. Karani aliandika yote mawili, waliopokea mbele ya daftari, waliokatwa nyuma yake, na mwisho wa kila msimu aliwasomea wanachama hesabu mkutanoni, ambako watoto hawakuingia, kuonyesha kwamba pande mbili zinalingana. Ghala halikupoteza kitu. Upungufu ulioonekana kinuni ulikuwa wa pamba kukauka na wa njiani, kama ule wa vituo vingine vyote, na jambo hilo mhasibu wa mwaka wa kwanza angeligundua kama angegeuza daftari.

Niliendelea kuchambua. Nilikuwa naiweka fifi kwenye safi, mama akanionya mara mbili. Nilifikiria foleni ile ya utotoni, wanaume waliosimama nyuma yetu wakisikia mzani wetu unasomwa juu na wao kunyamaza, na jinsi nilivyokuwa nikishukuru wakubwa wa mjini. Walionisomesha ni wale waliokuwa wamesimama nyuma yangu. Nililia, na mama akadhani ninamlilia karani, akanipa upindo wa kanga yake. Sikumwambia. Aliishi miaka mingine kumi na mmoja na sikumwambia, naye aliondoka duniani akiamini binti yake aliandika mema juu ya kijiji.

Asubuhi baada ya siku ile ya kuchambua pamba nilimsindikiza mama kuuza. Mnunuzi alikuwa kijana mstaarabu mwenye kofia, ameuning'iniza mzani wake kwenye fremu ya chuma nyuma ya pikapu, kando ya ghala lililofungwa. Mbele yetu kwenye foleni alikuwa mjane wa karani, bado ana kitambaa cheusi kichwani, na mzigo mdogo uliofungwa kwa shuka. Ulipotundikwa, mshale ulicheza kisha ukatulia katikati ya kumi na tisa na ishirini.

"Kumi na tisa," alisema mnunuzi.

Foleni ilinyamaza, lakini si kwa ukimya ule wa zamani. Mama alisema kwa upole kwamba huyo ni ishirini. Mnunuzi alijibu kwa upole vilevile kwamba katikati husomwa chini, kwa kila mtu, ndiyo utaratibu. Alisema kweli. Hakuwa anaiba, alikuwa anafuata udhibiti, ule ule nilioupendekeza mimi katika sura ya tano.

Mama hakubishana naye. Alitua mzigo wake, akafungua fundo, akachota pamba kwa mikono miwili, ile nyeupe tuliyoichambua jana, akaenda kuisindilia ndani ya shuka la mjane wa karani. Mshale ukasogea kidogo. Mzee aliyekuwa nyuma yetu akafungua wake, akachota. Na mwingine. Walifanya hivyo mpaka mshale ukagusa ishirini, na mnunuzi akaisoma ishirini kwa sauti, kwa kuwa sasa ilikuwa ishirini.

Mjane wa karani akageuka kutushukuru, mmoja baada ya mwingine, kwa kupiga goti dogo. Alipofika kwangu alinishukuru na mimi. Nilikuwa nimesimama na mkoba wangu wa ngozi begani, nimeushika kwa mikono yote miwili, na sikuwa na pamba.